Mtoto wa Kikundi cha Mwenzako

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasa la awali kwenye shule moja ya msingi hapa Nyakato, Mwanza, nikaajiriwa na shirika lililokuwa likiwafundisha wazazi na walimu jinsi mtoto mdogo anavyojifunza, na kwa akili yangu mwezeshaji alikuwa mtu wa kusimama mbele ya watu na chaki. Mratibu wetu alikuwa mzee mfupi wa suti ya kaunda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ananitazama miguuni.

"Mwalimu," akasema, "kazi yetu inafanyika chini. Vua, ukae mkekani."

Nikavua. Mkeka wenyewe ulitandikwa kwenye ofisi ya mtaa kule Buswelu, enzi hizo Buswelu ikiwa na mawe na mashamba kuliko nyumba. Walikuwepo akina mama wenye watoto mgongoni, na baba mmoja tu, fundi viatu, aliyekaa karibu na mlango. Somo lilikuwa kupokezana. Nalieleza kwa wasiolijua: mtoto anatoa sauti, au anatazama kitu, au ananyoosha kidole, wewe mkubwa unaitikia kwa neno, kwa uso, kwa mguso, halafu unanyamaza kumpa nafasi arudishe. Akirudisha, unaitikia tena. Katika kwenda na kurudi huko ubongo wa mtoto unajijenga, hasa miaka ile ya mwanzo, kabla hata hajajua kuomba maji.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu wangu bado mchanga kabisa. Nikianza kumpigia stori, majirani si watasema nimechanganyikiwa?"

Fundi viatu naye akadakia. "Yaani nimefunga kibanda nije kujifunza kuongea na mtu asiyejibu? Ya nini? Si nina mke nyumbani, naye ndo hivyo hivyo."

Watu walicheka hadi watoto wakaanza kulia. Mimi nilikasirika, nikaanza kumweleza habari za chembe za ubongo. Mratibu akanigusa bega.

"Mwache acheke, mwalimu. Anayecheka hajaondoka."

Mzee yule alitufundisha mengi, lakini kanuni aliyoishikilia kuliko zote aliiita sauti moja. Kila mwezeshaji alikuwa na vikundi vyake vya wazazi, na mtoto wa kikundi cha mwenzako humsemei. Ukiona jambo, labda hatembei kwa wakati wake au jicho limekaa vibaya, humwendei mama yake. Unamwendea mwezeshaji mwenye kikundi, naye ndiye anayeongea na mama. "Mama akisikia sauti mbili," Mratibu alikuwa akisema, "atafuata ile anayoipenda, si ile ya kweli. Au ataziacha zote aende kwa mganga." Kijana mmoja alivunja kanuni hiyo kule Nyegezi, na Mratibu alimrudisha ofisini akapange zana kabatini mpaka adabu ikamwingia.

Sasa nije kwa Leokadia. Nikiandika habari za kazi yangu bila kumtaja nitakuwa nimeandika uongo, ingawa ungekuwa uongo mtamu.

Leokadia alitoka upande wa Bukoba, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alinikuta kazini nikiwa tayari mkongwe. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga kingo za visoda vya soda zilale ili zisimkate mtoto anayehesabia. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanga kona za kujifunzia, ile namna ya kuligawa darasa la awali pembe kwa pembe: huku vitu vya kuhesabu, huku vitabu vya picha, huku vyombo vya kuigiza nyumba na duka, mtoto achague mwenyewe aanzie wapi. Kona zile nilizitoa jasho. Kuna walimu wakuu nililazimika kuwabembeleza waondoe madawati mawili tu. Mwaka haujaisha, nikaenda shule moja Nyegezi, mwalimu mkuu akanitembeza kwa fahari.

"Na hizi, mama, ni kona za Mwalimu Leokadia."

"Kona za nani?"

"Za Mwalimu Leokadia," akarudia kwa heshima zote. "Unamfahamu?"

Unamfahamu! Niliomba maji ya kunywa.

Nilimwonea wivu, na sitafuti neno zuri zaidi ya hilo. Tulipopangiwa mwalo wa Igombe, tukafundishe wanawake wanaoanika dagaa, mimi ndiye niliyetangulia. Nilikwenda alfajiri kabla jua halijakausha mchanga, nikawafundisha kwamba mtoto anayekaa kando ya chanja anaweza kutenganisha dagaa wakubwa na wadogo, na kwamba kutenganisha ndio mwanzo wa hesabu. Walinisikiliza vizuri tu. Nikifika walikuwa wanaambizana, "Mwalimu kaja, tulieni." Kisha akaja Leokadia. Loo! "Huyo Leokadia! Mayu, njoo ukae hapa!" Wanamwita mama kwa Kisukuma, wanasogeza nyavu apate pa kukaa. Wavuvi wazima, watu wa mitumbwi wenye vifua, aliwatambaza mchangani wakiwa mamba na watoto wao wamewapanda migongoni. Mimi wanaume wale nilikuwa nimeshindwa hata kuwakalisha.

Nafasi ya Mkufunzi Mkuu ilipotangazwa, niliomba. Mkurugenzi, mama mmoja mpole kupita kiasi, aliniita ofisini akafunga mlango mwenyewe, na hapo nikajua nimekosa.

"Mama Skola," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "kazi unaijua wewe. Lakini Leokadia anapendwa."

"Na mimi?"

"Wewe unaheshimiwa."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja sokoni, nikanunua sato mkubwa, nikamkaanga, nikamla peke yangu. Kesho yake nilimpongeza Leokadia. Alinikumbatia, akaniambia, "Dada, ni wewe umenifundisha," na hata hilo liliniudhi, maana alilisema tukiwa wawili tu.

Yote hayo ningeyameza. Watu wazima tunameza mengi kazini. Lakini Skola alipojifungua, akahamia na mumewe Buswelu, ambako sasa mabati yamefunika kila jiwe, alijiunga na kikundi cha wazazi cha Leokadia. Skola ni mwanangu wa pekee. Nilipomuuliza kulikoni, na mimi nina kikundi mtaa wa pili, alinijibu kwa upole kabisa.

"Mama, siwezi kufundishwa na mama yangu mbele za watu. Halafu kwa Mama Leokadia tunacheka."

Mganga hajigangi, nikajiambia. Iliniuma hata hivyo. Kama Skola atausoma ukurasa huu sijui, lakini sina wasiwasi sana. Hajawahi kusoma nilichoandika. Angekuwa Leokadia ndiye ameandika, angeshakimaliza.

Mtoto wake, Festo, akawa nyota wa kikundi kile. Ukimwonyesha kikombe anakimbilia mtungi. Ukikunja uso anakunja, ukicheka anacheka kabla hujamaliza. Leokadia akipiga ndoo ya plastiki kama ngoma, Festo ndiye wa kwanza kusimama kucheza. Wageni wa shirika wakija kutoka Dar, huyo ndiye aliyewekwa mbele waone kazi inavyofanyika. Alikuwa hajaanza kusema, na umri ulikuwa umefika, ila watu walisema watoto wa kiume huchelewa. Leokadia naye alisema hivyo hivyo.

Wivu una macho makali. Bibi mwingine angemtazama mjukuu wake akafurahi. Mimi nilikuwa namtazama nikitafuta Leokadia amekosea wapi, na ndiyo maana niliona.

Jumapili moja nilikuwa jikoni kwa Skola tunapika. Festo amekaa mlangoni, ametupa mgongo, anapanga vijiwe. Mfuniko wa sufuria ukaniponyoka ukalia kwenye sementi hadi Skola akapiga yowe. Festo hakugeuka. Nikamwita jina. Nikamwita tena kwa nguvu, yeye na vijiwe vyake. Kisha nikakanyaga sakafu kwa kishindo, akageuka mara moja, akanitazama usoni, akatabasamu.

Nikaelewa yote kwa mkupuo. Mtoto alikuwa anasoma nyuso. Ile ndoo alikuwa anaisikia kwa miguu, maana Leokadia huiweka sakafuni anapoipiga. Ubaya ni kwamba kikundi chenyewe kilikuwa kizuri mno. Kulikuwa na mikono inayoongea, macho yanayoongea, kupokezana kwa kila namna, na mtoto mwerevu akajifunza kujibu kila kitu isipokuwa sauti. Katika kikundi kibovu angejulikana mapema.

Hapo ningeikumbuka sauti moja. Lakini jamani, ni mjukuu wangu. Nikamgeukia Skola palepale.

"Huyu mtoto hasikii. Kesho mpeleke hospitali akapimwe masikio."

Skola akaweka mwiko chini. "Mama. Kila mtu anamsifu huyu mtoto. Kila mtu. Wewe peke yako umemwona kilema."

"Sijasema kilema, nimesema hasikii."

"Ni kwa sababu ya Mama Leokadia. Unadhani sijui? Tangu nasoma sekondari nakusikia unamsema kule nyumbani. Mama, huo ni wivu."

"Wivu ninao," nikamwambia. "Na mtoto hasikii."

Alilia, na mimi nililia, na chakula kile hakuna aliyekila. Baada ya hapo nikipiga simu haipokelewi. Jumapili iliyofuata hawakuja kwangu, wala iliyofuata.

Ninyi mliosomea kazi hii mnajua kwa nini sikutulia. Njia za lugha kichwani mwa mtoto hujengwa na sauti zinazoingia. Zisipoingia wakati ule, kuzijenga baadaye ni jasho na machozi, na kwa mtoto wa umri wa Festo, kila mwezi unaopita ni hasara. Nilikuwa nimewaambia hivyo wanawake wa kando yote ya ziwa. Wa kumwambia sasa alikuwa mmoja, na alikuwa amenifungia masikio.

Nilifikiria nani amwambie badala yangu. Paroko? Mama mkwe wake? Daktari wa zahanati ya mtaani? Wote Skola angewauliza, "Mama amewatuma?" Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angemwambia nenda, akaenda bila kuuliza. Mungu ananijua, nilitamani awe mtu mwingine yeyote. Siku kadhaa nililizunguka jambo hilo, nikifua nguo zilizokwisha fuliwa.

Kisha nikaenda ofisini kwa Mkufunzi Mkuu.

"Shikamoo, dada," Leokadia akasema, akainuka kunipa kiti chake.

"Marahaba. Mtoto wa kikundi chako hasikii."

"Yupi?"

"Festo."

Akacheka. "Dada, Festo? Festo anacheza ngoma kuliko wote!"

"Anacheza ndoo iliyokaa sakafuni. Iinue juu, uipige nyuma ya kisogo chake, akiwa hakuoni."

"Nimekaa na watoto miaka yote hii, dada. Ningemwona."

"Ungemwona kama ungekuwa mbovu wa kazi. Wewe ni hodari mno, ndiyo maana amekupita."

Maneno hayo, wewe ni hodari, yalinitoka kama jino. Aliacha kucheka. Sijui ni ule ukweli au ni kwa kuwa sifa zilitoka kinywani mwangu, ambako hakuwahi kuzisikia.

Siku ya kikundi ilipopita alikuja kwangu Nyakato, jioni jua bado lipo. Alikaa sebuleni na mkoba mapajani.

"Niliinua ndoo," akasema. "Nikaipiga. Watoto wote waligeuka, yeye hakutikisika. Dada, nimemwonyesha kwa wageni mtoto huyu. Nimempigia makofi." Akashindwa kuendelea. Nilimwachia nafasi. Akafuta macho, akasema, "Kesho nakwenda kumwambia Skola. Na nitamwambia ni wewe uliyenituma."

"Hutamwambia."

"Ni haki yako."

"Haki yangu umeijua leo? Kona zangu za kujifunzia ulizirudisha?"

Akainamisha kichwa. "Sikuwahi kusema kona zile ni zangu."

"Hukuwahi kusema si zako. Sikiliza, Leokadia. Akisikia jina langu, mtoto haendi hospitali. Mwambie umeona wewe, umepima wewe. Sauti moja."

Alikwenda. Kesho yake Skola alikuwa kwenye foleni ya hospitali kubwa na Festo mgongoni. Wakampima, wakakuta anasikia kidogo sana, vishindo tu, na baada ya kwenda na kurudi wakamfunga mashine za kusikia, vile vidude vya nyuma ya sikio. Skola alinipigia yeye mwenyewe.

"Mama, nisamehe nilivyokujibu. Kumbe ilikuwa kweli."

"Sasa umenielewa?"

Binti yangu hajui kudanganya. "Mama, nisikufiche. Wewe uliona kwa sababu ulikuwa unamtafutia Mama Leokadia kosa. Yeye alipima kwa sababu anampenda Festo."

Sehemu ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Ya pili nilikuwa nimeitunga mwenyewe, sebuleni kwangu.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Vijana waliochukua vikundi vyangu wananitembelea, na wana mambo mazuri. Wanawatumia wazazi video kwenye makundi ya simu, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Nawaambia video haimsubiri mtoto arudishe, na mwisho wa yote lazima mtu avue viatu akae mkekani. Nawaambia pia wamwite kila mtoto akiwa amewapa mgongo, hata yule anayecheza vizuri, na hasa yule anayecheza vizuri. Hilo wanaliandika. Wakiniuliza nililijuaje, nawaambia waulize kwa Mkufunzi Mkuu.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Skola aliombwa aseme neno kwa niaba ya familia. Alinishukuru kwa kumsomesha, vizuri kabisa, watu wakapiga makofi. Kisha akasema kuna mama mwingine pale ukumbini ambaye familia yetu haitamsahau, aliyemwonea Festo huruma hadi akampima, akamsimamisha Leokadia mbele ya watu wote, akamvika kitenge mabegani. Kwenye sherehe yangu! Vigelegele vilivyopigwa hapo sikupigiwa mimi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mapambo napiga makofi kama wengine, na Festo amelala mapajani pangu, mashine moja ameing'oa kaiweka mdomoni.

Watu walipokuwa wanapakua pilau, Leokadia alikuja akainama kwenye kiti changu, kitenge bado kiko mabegani.

"Dada, siwezi kuendelea hivi. Leo namwambia."

"Huoni mtoto anavyozing'oa?" nikamnong'oneza. "Kila siku Skola anamrudishia, kila siku vita. Nusu ya wiki anataka kuacha. Anaendelea kwa sababu wewe unakwenda pale na kumwambia aendelee. Leo ukimwambia ulitumwa, kesho ataanza kujiuliza ni mangapi mengine uliyotumwa. Subiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Festo aongee vizuri aingie darasa la kwanza. Hapo utamwambia yote, mbele ya watu, na kona zangu uzitaje."

"Na nikifa kabla?"

"Basi utakuwa umekufa na sifa zangu."

Alicheka kile kicheko chake, ukumbi mzima ukageuka. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo hakuna mtu Mwanza anayejali afya ya Leokadia kama mimi. Akikohoa tu kwenye simu, napeleka tangawizi na limao. Akisema anasafiri kwenda kwao Bukoba, namuuliza basi gani na dereva nani, na asipofika kwa wakati sikai. Nimempeleka mwenyewe kupima presha, nikamsimamia amalize dawa. Majirani wanasema tumekuwa mashoga uzeeni, na Skola anafurahi, anasema hatimaye mama ameacha wivu.